Chupa Kumi na Tisa za Manyoya

Jorodom, Katesh
Jumatano, 9 Julai 2025

Kaka yangu mpendwa Bura,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua tangu Pasaka sasa linakubali kukupeleka shambani na kukurudisha. Wifi Marieta namsalimu sana. Je, maharage ya kule chini mliyawahi kabla ya ukungu? Mimi huku sijambo. Presha inapanda na kushuka kama mtu asiyejua anakokwenda, lakini vidonge nameza kwa saa, na macho bado yananisomea herufi ndogo. Mlima Hanang leo asubuhi uko wazi hadi kileleni. Tangu Desemba ile tope liliposhuka kutoka juu yake siutazami kama zamani. Kwanza natazama mifereji yake, nikiona imekauka ndipo nasema mlima ni mzuri.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe hunikata maneno, nami hulia, na dakika huisha kabla ya habari. Kwa hiyo nimeandika, na nimemkabidhi Abdulswamad, mume wa jirani yangu Mwanaamina, anayekuja Mbulu mjini kila wiki kwa biashara yake. Ameahidi kukufikishia mkononi huko Endagikot, si kukuachia dukani.

Nimesikia kwa wifi kwamba sherehe ya kumpongeza Hilda imepangwa Jumapili ya tarehe 3 Agosti, baada ya misa, na kwamba umekusudia kusimama mbele ya watu wote na kueleza jinsi binti yako alivyozikamata meli zinazomwaga mafuta baharini. Kaka, nakuomba kwa heshima yote: usimpe katekista tangazo hilo mpaka utakapofika mwisho wa barua hii. Habari ninayokuletea ina fahari ndani yake, tena fahari kubwa kuliko ile uliyoisikia redioni. Ila njia ya kuifikia ina kona, na kwenye kona hiyo nimesimama mimi.

Nianze na mwaka jana, mwezi wa Agosti, Hilda alipokuja kwangu. Najua hukupendezwa. Mtoto wako wa mwisho anatoka pwani akiwa amedhoofishwa na malaria, na badala ya kupanda hadi kwenu anashukia Katesh kwa shangazi. Lakini alikuwa na sababu. Chumba ambamo yeye na wenzake wa chuo walihifadhi kazi za utafiti wao kule pwani kilivuja, manyoya ya ndege anayoyachunguza yakaanza kuota ukungu, naye alihitaji mahali pakavu penye umeme. Huko kwenu Agosti hata shuka haikauki kwa siku mbili. Huku upepo wa mlimani unakausha mpaka midomo. Akaja na masanduku mawili ya bati, na shuleni nilikokuwa nikifundisha zamani habari ikaenea kwamba mpwa wa mwalimu Zita amekuja kufungua duka la dawa.

Ndani ya masanduku hayo mlikuwa na bahari nzima, kaka, katika bahasha za karatasi. Manyoya ya ndege wa baharini wanaoitwa buabua, weupe, wembamba, wenye kichwa cheusi kama aliyevaa kofia ya ibada. Vipande vya gamba la kasa, vidogo kama kucha. Meno ya pomboo waliokutwa wamekufa ufukweni. Nilishika jino moja kwa kibano, nikakumbuka swali lako la siku zile alipochagua masomo hayo, kwamba mtoto wa Endagikot na pomboo, wapi na wapi? Sisi ambao samaki tulimwita nyoka wa majini, na bibi yetu akihama upande wa upepo mtu akimkaanga! Jibu lake sasa ninalo.

Jioni baada ya chakula Hilda alinifundisha, nami niliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini na nne nilikaa kama mwanafunzi. Aliniambia kuwa unyoya ukishakomaa, mshipa wake wa damu hufunga. Chochote ndege alichokula wakati unyoya unaota hubaki humo, hakiongezwi wala hakipunguzwi, kama barua iliyokwisha kutiwa gundi. Jino la pomboo nalo lina mistari, mstari kwa mwaka, kama mti uliokatwa. Mwenye kujua kusoma anasoma mnyama alikula nini mwaka gani, na sumu gani iliingia pamoja na chakula.

Kisha akanieleza ngazi ya bahari. Chini kabisa kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inaelea tu. Wadudu wadogo wa majini huila mimea hiyo, dagaa huwala wadudu, jodari huwala dagaa, na pomboo humla jodari. Zebaki inayoangukia majini inapanda ngazi hiyo, na kila anayekula anarithi ya wote aliowala. Unakumbuka mwaka ule mbegu za ngano zilizotiwa dawa zilipomwagika njiani, panya wakala, na baada ya wiki tukaokota bundi na mwewe waliokufa, ambao hawakuwahi kugusa ngano maishani mwao? Nilimtolea Hilda mfano huo. Akacheka akasema shangazi, umefupisha sura yangu ya pili. Akauandika kwenye daftari. Ukisoma tasnifu yake utaukuta, umeandikwa kuwa umetoka kwa mkazi wa Hanang.

Alifanya kazi kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu wa umri wake. Nywele amefunga, glavu mikononi, hapumui juu ya mizani. Unyoya mmoja anauosha, anaukausha, anaupima, anauandika namba, ndipo anautia ndani ya chupa yake ndogo. Mwanaamina aliingia siku moja kuazima ungo, akasimama mlangoni akisikia harufu ya spiriti, akauliza kama tunatengeneza marashi au gongo. Hilda akamjibu kwamba tunapika ndege bila sufuria. Mwanaamina akasema basi kweli Wambulu wameishiwa, kuku wote hao mtaani, nyie mnaenda kupika manyoya.

Alikaa kwangu wiki saba. Akarudi pwani mwenye afya, masanduku yake yamejaa chupa zilizopangwa kama wanafunzi mstarini, na kutoka huko sampuli zikapelekwa maabara.

Machi mwaka huu ikaja ile habari. Wewe ulikusanya majirani ukumbini kwako, nami nilisikiliza dukani kwa Mwanaamina, redio imewekwa juu ya gunia. Tulimsikia Hilda akieleza kwenye mkutano wa wataalamu kwamba zebaki inapanda ngazi kama alivyotarajia, na halafu lile jambo ambalo halikutarajiwa: buabua wa kisiwa kimoja kidogo, ndege kumi na tisa wote bila kubakiza hata mmoja, walikuwa na kemikali za mafuta ndani ya manyoya, wakati ndege wa visiwa vingine hawakuwa nazo. Na karibu na kisiwa hicho meli kubwa hupita. Mtangazaji akasema binti huyu kutoka milima ya Mbulu ameziona alama za mafuta ambazo wengine hawakuziona. Nilisimama peke yangu katikati ya duka nikapiga makofi. Mwanaamina alinikumbatia. Wewe ulinipigia simu usiku huohuo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi uliniambia asante, dada, umenitunzia mtoto.

Furaha haikukaa hata wiki mbili dukani. Mwanaamina anauza dagaa, kama unavyojua. Watu wakaanza kupita pale wamegeuza nyuso. Mteja wake wa miaka kumi, Imakulata wa mgahawani, alimwambia hawezi kuwalisha watu mafuta ya meli. Mwanaamina akapiga kelele hadi stendi ikasikia, kwamba dagaa wake ni wa Mwanza, ni wa ziwani, bahari hawajaiona hata kwa picha! Nani alimsikiliza? Akanigeukia mimi. Nyie watu wa Mbulu, alisema, samaki hamli, mnamwita nyoka, halafu mnashuka kutoka huko mlimani kuja kutuambia ana sumu. Tulicheka wote wawili, lakini yeye alicheka huku anafunga duka saa nane mchana. Nilinunua kilo mbili. Sikuzipika. Nilimjibu kwamba ukweli una gharama, na kwamba Hilda hawezi kuficha alichokiona ili mtu auze dagaa. Nilisema hivyo kwa sauti ya mwalimu. Kumbuka neno hilo, maana limenirudia.

Pasaka Hilda alipita hapa akiwa njiani kuja kwenu. Aliniachia tasnifu yake nisahihishe ikisiri ya Kiswahili, kurasa nne tu, lakini mimi nilichukua yote. Kiingereza chake ni kigumu, nikasoma kurasa tano kwa siku, kamusi pembeni. Siku ya Jumanne, tarehe 29 Aprili, nilifika sura ya nne, yenye habari ya mafuta. Kulikuwa na jedwali la majina marefu ya kemikali, na chini yake maelezo kwa herufi ndogo. Yalisema kwamba kemikali hizi hutokana na mafuta ya petroli, na pia hutokana na kuni zinazoungua bila kuwaka vizuri. Na kwamba zimeonekana katika chupa namba moja hadi namba kumi na tisa, basi.

Nilivua miwani, nikaisafisha, nikaivaa, nikasoma tena.

Kaka, sasa nakuambia lile ambalo barua hii imeandikwa kwa ajili yake.

Hilda alipofika kwangu mwaka jana mikono yake ilikuwa bado inatetemeka kwa homa, akaogopa kuzivunja chupa. Akaniomba nimsaidie kuziosha kabla hajaanza kutia manyoya. Alinipa utaratibu: mara tatu kwa maji safi ya maabara, mara moja kwa spiriti, kisha zilale kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, kisizidi kitu wala kisipungue kitu. Halafu akaenda hospitali kupimwa damu.

Niliziosha chupa za trei ya kwanza kama alivyosema. Kisha nikakaa nikizitazama. Zilinuka spiriti. Nikawaza, hivi kweli hiki ndicho chombo kisafi? Kwetu chombo cha kuhifadhia kitu chenye thamani hakiitwi kisafi mpaka kifukizwe. Mama hakuwahi kutia maziwa kwenye kibuyu kilichooshwa tu. Angesema hicho bado kina uchi. Na siku chache kabla ya hapo wifi Marieta alikuwa ameniletea kibuyu kipya, baada ya vile vya mama kwenda na tope, pamoja na vijiti vya mzeituni pori kutoka msituni kwenu. Na siku hizohizo, kaka, wewe ulikuwa umemwambia Hilda kwa simu, nami nilisikia kwa sababu simu yake hupaza sauti, kwamba anaenda kulelewa na shangazi aliyekwisha kuwa mtu wa Katesh, asiyejua tena hata kufukiza kibuyu.

Ulikuwa unatania. Najua. Lakini mimi nimeondoka Endagikot mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na tisa na sanduku moja, na kwa miaka arobaini na tisa nimekuja nyumbani kwa misiba zaidi ya kuja kwa mambo ya heri. Nimeishi kati ya watu wa kila kabila, lugha yetu naisema na kuku. Utani huo uliingia mahali ambapo hakuna plasta.

Basi niliwasha kijiti cha mzeituni, nikakipuliza hadi kikawa kaa lenye moshi mwembamba, nikazifukiza chupa za binti yako moja baada ya nyingine, zote kumi na tisa za trei hiyo. Nilizifuta kwa kitambaa cheupe mpaka zikang'aa. Kaa likazimika, nikasikia mlango wa nje, na zile zilizobaki nikaziosha kwa utaratibu wake tu. Hilda alikuwa na mafua na nyumba nzima inanuka jiko la kuni, hakuhisi kitu. Sikumwambia. Nilitaka siku moja, kazi ikifaulu, nimwambie kwamba chupa zako zilibarikiwa kwa mkono wa bibi yako. Niliona fahari, kaka. Nililala vizuri usiku ule.

Na kwa bahati mbaya isiyo na mfano, trei ile ndiyo aliyoitumia kwa ndege wa kisiwa kimoja. Hata ile chupa tupu ambayo huachwa bila kitu ili iwe shahidi wa usafi, ilikuwa ya trei ya pili, isiyoguswa na moshi. Mafuta ya meli yaliyotangazwa nchi nzima yalikuwa moshi wa kijiti changu.

Sijamaliza, maana sehemu inayoniumiza zaidi si hiyo. Kufukiza lilikuwa kosa la kutojua. Lakini baada ya kusoma lile jedwali nilinyamaza siku kumi na moja, nikijua. Hakuna ambaye angegundua. Hilda alikuwa akingojea kusimama mbele ya jopo lake mwezi wa Juni. Nilijiambia kwamba pengine mafuta yapo kweli, meli si zinapita? Nilijiambia mtoto atavunjika moyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naitunza ile asante yako. Kila asubuhi nilimwona Mwanaamina akipanga dagaa na jioni akiwakusanya walewale, na nilikwisha kumwambia kwamba ukweli una gharama. Siku ya kumi na mbili nilimpigia Hilda nikamwambia aje, si la kusema kwenye simu.

Alikuja kwa basi la usiku kutoka pwani akidhani naumwa. Nilimweleza jikoni, tumesimama, sikuweza kukaa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alitoka nje akasimama kwenye uzio, amenipa mgongo, nami nilimwona mabegani kwamba analia. Sikumfuata. Aliporudi alikuwa ameshika daftari. Hakunilaumu, kaka. Aliniuliza maswali: mti gani, kijiti kinene kiasi gani, chupa ilikaa juu ya moshi muda gani, nilianza na namba ipi. Nikajibu kama shahidi mahakamani. Akaniuliza kama vijiti vimebaki. Vilikuwa vimebaki vitatu.

Akafungua begi, akatoa chupa sita mpya ambazo hutembea nazo kila aendako. Akaniambia shangazi, fanya kama ulivyofanya siku ile, usiongeze wala usipunguze. Nikawasha mzeituni. Akakaa kando yangu na saa, akiandika. Chupa tatu nilizifukiza, tatu hazikufukizwa, zote akazipeleka maabara bila unyoya wowote ndani. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Zile tatu zilikuwa na kemikali zilezile, kwa uwiano uleule, kama alama za kidole kimoja. Unaelewa alichokifanya? Kosa langu alilipima. Mtu mwingine angeishia kulia, au angenikimbia, au angesali na kuyaacha. Yeye alitaka kujua kwa hakika.

Kuna mtu mkubwa kule alimshauri kwamba si lazima aseme, anaweza kuweka maneno mawili kwenye tanbihi na kuendelea, mambo ya mafuta yanapendwa na wafadhili. Hilda alikataa. Tarehe 18 Juni alisimama mbele ya jopo akaiondoa sura ya nne kwa mkono wake mwenyewe. Aliandikia mkutano ule wa Machi, akaandikia redio pia. Redio ilisoma masahihisho yake kwa dakika moja na nusu, saa kumi alasiri, wakati ambao nadhani ulikuwa shambani, na ndiyo sababu hujasikia. Mwanaamina alisikia. Alikuja mbio kwangu na kanga begani, akaniambia yule mtoto wenu ana moyo wa simba. Imakulata amerudi kununua, ingawa bado anauliza kila mara kama ni wa Mwanza.

Nilimwomba Hilda anionyeshe alichoandika kwa jopo. Jina langu halimo. Ameandika kwamba vyombo vilichafuka kwa moshi wa kuni kwa sababu yeye, mwenye kazi, hakusimamia usafishaji. Nilimwambia ni uongo. Akasema hapana, chupa ni za mwenye kazi, anayetoa chupa mkononi mwake ndiye anayezijibia. Kwa hiyo huko kwenu habari itafika, leo au kesho, kwamba Hilda wa Bura alikosea mbele ya nchi nzima. Watu watakutazama. Nakujua kaka, utaumia, na ukiumia utamsema yeye. Ndiyo maana nimeandika kabla habari haijafika: unilaumu mimi.

Jopo limeipokea kazi ya zebaki yote, manyoya, magamba na meno, kwa sifa, kwa kuwa moshi hauongezi zebaki; nayo waliipima tena kuhakikisha. Hiyo ngazi ya bahari ni ya kwake, imesimama, na hakuna wa kuing'oa. Ila shahada ataivaa mwakani. Mwisho wa Agosti buabua wakitaga atarudi kisiwani kuchukua manyoya ya ndege wengine kumi na tisa, kujua kama mafuta yapo au hayapo. Nilimuuliza anatarajia nini. Akasema hatarajii kitu, anakwenda kuuliza.

Jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonitoa machozi. Juma lililopita basi lilileta boksi lenye jina langu. Ndani mlikuwa na chupa mpya, maji, spiriti na kitambaa cheupe. Karatasi ndogo ilisema: Shangazi, naomba uzioshe wewe, hakuna anayejua kuliko wewe kwa nini utaratibu uko hivyo. Nilifungia jiko siku mbili, nikala mkate na chai ya kwa Mwanaamina. Niliosha kwenye chumba cha mbele, madirisha yakiwa wazi. Mara tatu, mara moja, kifudifudi.

Nimekuwa mwalimu, kaka, nimewaona watoto wengi wakisifiwa, na wengi wakitafuta sifa. Sijawahi kumwona mwingine aliyerudisha sifa ambayo hakuna mtu aliyemdai. Mtoto huyo ametoka kwenye nyumba yako, amekula ugali wa wifi Marieta, amekusikia wewe ukigombana na wapimaji kwa ajili ya mpaka wa jirani ambaye hakuwepo kujitetea. Usidhani hayo alijifunzia baharini.

Kwa hiyo naomba usiahirishe sherehe. Badilisha tangazo tu. Waambie watu waje kumsikia Hilda, usiwaambie kuhusu meli. Mimi nitapanda basi Jumamosi tarehe 2, nitalala kwenu. Misa ikiisha, kabla ya chakula, nipe nafasi ya kwanza kusema. Nitasimama mbele ya wote, wanaonijua na waliozaliwa nikiwa nimeondoka, nitawaambia kwa lugha yetu, hata ikinikatikia, kwamba moshi ulikuwa wangu. Wacheke. Wana haki, hata mimi kuna siku nacheka. Ukiona aibu kwa ajili yangu, vumilia. Nilikuwa na siku kumi na moja za kuona aibu peke yangu, zinanitosha. Nikishakaa, msimamishe binti yako, awaeleze ngazi ya bahari watu wa Endagikot wasiokula samaki, na wewe ukae mstari wa mbele umsikilize hadi mwisho bila kumkata maneno. Atawaambia anachokijua, na asichokijua atasema bado hajakijua.

Nisalimie wifi Marieta, na umwambie kibuyu chake ni kizuri, maziwa yanakaa siku tatu, na hiyo ndiyo kazi yake. Nisalimie watoto wote na wajukuu, na wazee wa jumuiya wanaonikumbuka. Mwanaamina anakusalimu, anasema atakutumia dagaa, na kwamba ukiwatupa atajua. Mungu akulinde, alilinde na goti lako, unione nikishuka kwenye basi.

Ni mimi dada yako mdogo, ninayekuheshimu na kukupenda,

Zita